Jukwaa la wanafunzi liko wapi? Kupoa kwa mechi za mpira wa kikapu katika vyuo vya Marekani

Bandiko la 1 (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha majimbo ya katikati ya Marekani, na kwa misimu miwili nimekuwa kibarua mlangoni mwa ukumbi wa mpira wa kikapu, kazi yangu ikiwa ni kukagua tiketi za wanafunzi kwa mashine ndogo ya mkononi. Kazi hii imenionyesha jambo ambalo aliyekaa kitini halioni. Mwanafunzi anafika dakika kumi kabla ya mchezo, anapokea fulana ya bure, pointi za mahudhurio zinaingia kwenye simu yake, halafu kabla ya mapumziko ya nusu mchezo namwona akitoka kwa mlango uleule, fulana ikiwa begani. Katika daftari la ofisi ya michezo huyo amehudhuria. Wachezaji wakiinua macho nyuma ya ubao wa kikapu wanaona viti vitupu.

Mwezi uliopita vibarua na wawakilishi wa wanafunzi tuliitwa kutoa mapendekezo ya kurudisha hamasa. Waliotutangulia walipendekeza spika kubwa zaidi, michezo ya bahati nasibu wakati wa mapumziko, na piza kwa watu mia wa kwanza. Mimi nilitoka pale nikiwa na hoja moja ambayo sikupata nafasi ya kuieleza yote, na ndiyo iliyonileta hapa: wanafunzi hawashangilii kwa sababu wamewekwa mbali na sakafu, na kwa sababu ndani ya ukumbi ule hakuna kitu hata kimoja ambacho wao wenyewe wamekianzisha na wanaona aibu kikifa. Zawadi inamfikisha mtu mlangoni tu.

Nianze na umbali. Cameron Indoor Stadium ya Chuo Kikuu cha Duke ilifunguliwa mwaka 1940 na inachukua watu 9,314 tu, idadi ambayo kwa chuo chenye jina kama lile ni ndogo mno. Wenye tiketi za gharama wanakaa juu kwenye viti, na wanafunzi wako chini, kwenye mabenchi yanayogusana na mstari wa uwanja, wamesimama dakika zote arobaini. Mchezaji mgeni anayetaka kurudisha mpira mchezoni kutoka pembeni anasimama huku vidole vya wanafunzi vikimtetemekea karibu na sikio. Vyuo vingi vilivyojenga kumbi mpya viligeuza mpangilio huo: safu za chini zikapewa wafadhili, ambao hukaa kwa adabu na kupiga makofi kwa kiasi, na wanafunzi wakapandishwa kwenye kona za juu. Kamera ya televisheni inatazama safu za chini. Kwa hiyo hata pale wanafunzi wanapofika, mtazamaji wa nyumbani anaona wazee wenye makoti, naye mwanafunzi wa bwenini anayetazama kwenye simu anapata sababu nyingine ya kutotoka kwenye baridi.

Maryland walilifikiria hili walipofungua ukumbi wao mwaka 2002. Upande mmoja, nyuma ya kikapu, walijenga jukwaa lenye mwinuko mkali kama ukuta, la wanafunzi peke yao, na bado wakawaachia safu za kwanza kuzunguka sakafu. Baylor walikwenda mbali zaidi: mwezi Januari 2024 walihama kutoka ukumbi wa watu zaidi ya 10,000 na kuingia katika ukumbi mpya wa watu 7,500. Kwa mhasibu hiyo ni hasara ya viti. Kwa aliyewahi kuimba peke yake katika ukumbi uliojaa nusu, ni faida tupu, kwa maana sauti ya watu elfu tatu inapotea katika nafasi ya watu elfu kumi na tano, ilhali katika nafasi ya elfu nne inaitikisa paa.

Jambo la pili ni umiliki, na hapa naomba nikae kidogo. Nje ya ukumbi wa Duke kuna nyasi ambazo tangu mwaka 1986 wanafunzi huzipigia mahema wakisubiri mechi kubwa, hasa ile ya North Carolina, watani wao wa jadi ambao chuo chao kiko mwendo mfupi tu kwa gari. Mahali hapo panaitwa Krzyzewskiville, kwa jina la kocha wao wa miaka mingi. Watu wa nje huvutiwa na mahema, lakini mimi kilichonivutia ni kanuni. Kanuni hizo, za hema lina watu wangapi, wangapi wanatakiwa kulala ndani usiku, na lini watahesabiwa bila taarifa, zinatungwa na kusimamiwa na wanafunzi wenyewe kupitia serikali yao. Hema lisipokuwa na watu wa kutosha linapoteza nafasi yake kwenye foleni. Yaani kiti kile hakigawiwi na ofisi, kinalindwa na wenzako, na mtu aliyelala nje mwezi Januari kwa ajili ya kiti hawezi kutoka kabla ya nusu mchezo.

Chuo kidogo nacho kinaweza. Taylor, chuo cha Kikristo katika mji mdogo wa Upland, Indiana, hakichezi hata daraja la juu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Kila Desemba, Ijumaa ya kuelekea wiki ya mitihani, wanafunzi wanajaa ukumbini wakiwa wamevaa mavazi ya kila kituko, na mchezo unaanza katika ukimya kamili. Unasikia soli za viatu zikilia sakafuni na kocha akikohoa. Timu ya nyumbani inapofunga pointi ya kumi, ukumbi mzima unalipuka, watu wanamwagikiana, na kelele haikati mpaka mwisho, ambapo wanashikana mabegani na kuimba wimbo wa Krismasi ambao usiku huo umepewa jina lake. Hapakuhitajika spika wala bahati nasibu, kilichohitajika ni wanafunzi kuwa na jambo moja wanaloweza kuliharibu kwa kupiga chafya.

Bandiko la 2 (mchangiaji wa Mwanza)

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na ninakushukuru kwa lugha safi, lakini nahisi umezunguka mbuyu. Duke wana mataji matano ya taifa. Mtu yeyote atalala kwenye hema kwa ajili ya timu inayoshinda. Sisi huku tunajua kwamba Simba ikipoteza mechi tatu mfululizo hata aliyeuza jezi anafunga meza. Shindeni kwanza, kelele zitakuja zenyewe.

Bandiko la 3 (mwanzisha uzi)

Mkuu, sikatai kwamba ushindi unajaza ukumbi, ila nakataa kwamba ndio pekee unaoujaza. Nebraska hadi kufikia mwaka 2024 walikuwa hawajawahi kushinda hata mchezo mmoja katika mashindano ya taifa ya NCAA, na bado tangu walipohamia ukumbi wao mpya mjini Lincoln mwaka 2013 wamekuwa miongoni mwa vyuo vinavyoongoza kwa mahudhurio nchini. Grand Canyon, kule Phoenix, waliingia daraja la kwanza mwaka 2013 bila historia yoyote. Jukwaa lao la wanafunzi, wanaojiita Havocs, lilipata sifa kabla timu haijapata kitu: wanafunzi walikuwa wakiingia mapema wakiwa na rangi za zambarau mwili mzima na kucheza muziki kwa pamoja kabla mpira haujarushwa. Ushindi wao wa kwanza katika mashindano ya taifa, dhidi ya Saint Mary's, ulikuja Machi 2024. Jukwaa lilitangulia, timu ikafuata.

Na umenipa mfano mzuri kwa kuitaja Simba. Aliyeuza jezi anafunga meza, ndiyo, lakini tawi halifungwi. Tawi la mashabiki lina mwenyekiti, lina mweka hazina, lina daftari la michango ya msiba na ya safari, na mambo hayo yanaendelea hata msimu mbovu. Hicho ndicho kinachokosekana katika vyuo vingi vya huku, ambako jukwaa la wanafunzi limekuwa idara ndogo ya ofisi ya masoko. Mahali ambapo nimeona kitu kinachofanana na tawi ni Illinois: kundi lao la Orange Krush limeishi tangu miaka ya 1970, wanachama wake huchangisha fedha za hisani, na kila msimu husafiri kwenda kuvamia ukumbi wa wapinzani.

Bandiko la 4 (mchangiaji wa Minneapolis)

Hao hao Orange Krush, naomba tusiwapambe kupita kiasi. Mwaka 2023 walinunua tiketi 200 za mechi ya Iowa kwa kujifanya shirika la watoto, Iowa wakagundua na kuzifuta. Nilicheka, lakini wenyewe Iowa hawakucheka.

Nikirudi kwenye hoja yako, kaka, kuna jambo umelipita. Mwanafunzi wa leo hawajui wachezaji. Tangu mwaka 2006 kijana mwenye kipaji kikubwa anacheza chuoni msimu mmoja na kwenda NBA, ligi kuu ya kulipwa. Mwaka 2018 ukaanzishwa mfumo wa mtandaoni wa kuomba uhamisho, mwaka 2021 wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na sasa kila mwezi wa nne nusu ya kikosi inafungasha. Nilihitimu mwaka jana. Katika miaka yangu minne sikuwahi kumshangilia mchezaji yuleyule misimu mitatu. Unawezaje kumpenda mpangaji?

Linganisha na wanawake. Caitlin Clark alikaa Iowa misimu minne, kutoka mwaka 2020 hadi 2024. Waliomwona akiwa mgeni wa mwaka wa kwanza ndio waliomwona akiaga. Oktoba 2023 walichezea mechi ya kirafiki katikati ya uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani na wakaja watu 55,646, na tiketi za msimu huo wa nyumbani zikaisha kabla haujaanza. Fainali yao dhidi ya South Carolina, Aprili 2024, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 18, ikawapita wanaume kwa mara ya kwanza. South Carolina nao, kocha Dawn Staley yuko pale tangu mwaka 2008, na kwa miaka kadhaa ndio wameongoza nchi nzima kwa mahudhurio ya wanawake. Watu hufuata sura wanazozijua.

Bandiko la 5 (mwanzisha uzi)

Dada (au kaka, uniwie radhi), hoja hii ni nzito kuliko yangu na ninaipokea. Nitaongeza tu kwamba ikiwa wachezaji ndio wapangaji, basi kinachobaki ni mila ya jukwaa, na ndiyo maana inapasa kuwa ya wanafunzi. Kansas wamekuwa na vikosi visivyofanana kabisa, lakini wageni wanapotambulishwa pale Allen Fieldhouse wanafunzi hufunua magazeti na kujifanya wanasoma, kisha huyachana vipande na kuvirusha juu wenyeji wakiingia. Vikundi vya wanafunzi huandikisha majina kwa ajili ya nafasi za karibu, na jina likiitwa sharti mmoja wa kikundi awepo. Mwezi Februari 2017, dhidi ya West Virginia, walipimwa desibeli 130.4, rekodi ya dunia kwa kelele za mashabiki ndani ya ukumbi. Ukumbi huo ni wa mwaka 1955. 

Kuhusu kujuana, iko dawa ya zamani. Kanuni za NCAA zilikuwa zikikataza mazoezi ya pamoja kabla ya tarehe 15 Oktoba. Mwaka 1971 kocha Lefty Driesell wa Maryland akawatoa wachezaji wake kukimbia uwanjani dakika tatu baada ya saa sita usiku wa tarehe hiyo, wanafunzi wakaja kutazama, na kutoka hapo vyuo vingi vikaanza kufungua msimu kwa mazoezi ya usiku wa manane mbele ya watu. Siku hizi shughuli hiyo imegeuka tamasha la wasanii wa kukodiwa na taa za rangi. Mimi ningeirudisha ilivyokuwa: ukumbi wazi, hakuna tiketi, wachezaji wapya wanatajwa majina na bweni wanalolala, na baada ya hapo watu wanakula pamoja kwenye bwalo.

Bandiko la 6 (mchangiaji wa Tanga)

Mimi nina swali fupi, nisamehewe kama linaonekana la kizalendo. Hasheem Thabeet wetu alipokuwa Connecticut alicheza mbele ya jukwaa la namna gani?

Bandiko la 7 (mwanzisha uzi)

Swali lako liko ndani ya mada kuliko unavyodhani. Thabeet alichezea Connecticut kwa misimu mitatu, kuanzia 2006 hadi 2009, na katika msimu wa mwisho walifika nusu fainali ya taifa, kabla ya kuchaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Lakini Connecticut wana nyumba mbili. Moja ni Gampel Pavilion, iliyofunguliwa mwaka 1990 ndani ya chuo, kule Storrs, ambako mwanafunzi anatembea kwa miguu kutoka bwenini. Nyingine iko katikati ya jiji la Hartford, kama kilomita 40 hivi, ambako inambidi apande basi na kurudi usiku. Timu ni ileile, wachezaji ni walewale, na wapenzi wa Connecticut watakuambia kuwa kelele si ileile.

Georgetown wana hali ngumu zaidi, kwa kuwa mechi zao kubwa huchezwa katika ukumbi wa NBA wa Washington wenye viti takribani 20,000, mbali na chuo. Hata hivyo wakati wa Dikembe Mutombo, Mkongomani aliyefika pale mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari, nao wakicheza mbali vilevile, kule Landover, waliokaa chini ya kikapu walibuni kitu chao: walijiita Rejection Row, na kila mpira uliozuiwa na Mutombo au mwenzake Alonzo Mourning waliongeza picha ya kiganja kikubwa kwenye bango. Ukiwa na kiganja mkononi unasubiri kukibandika, hutoki kwenda kununua soda.

Bandiko la 8 (mchangiaji wa Nairobi)

Na ratiba je? Nimetazama mechi hizi usiku wa manane wetu, na kinachonichosha ni kusimama kila mara. Pia, tafadhali, mseme kuhusu mipaka. Kelele ikikosa mwenye kuizuia inageuka matusi.

Bandiko la 9 (mwanzisha uzi)

Ratiba ni adui ambaye ofisi ya michezo haiwezi kumshinda, kwa sababu televisheni ndiyo inayolipa. Kila nusu ya dakika 20 ina vituo vinne vya matangazo, mpira unaposimama baada ya dakika ya 16, ya 12, ya 8 na ya 4 kwenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Ndivyo mchezo wa dakika 40 unavyokula zaidi ya saa mbili. Ukumbi mwingi hujaza mapengo hayo kwa muziki wa spika, tena mkubwa kiasi kwamba jirani hamsikii jirani, na hapo ndipo jukwaa linapouawa, kwa kuwa mtu hawezi kuanzisha wimbo juu ya mashine. Mapengo yale wangepewa bendi ya chuo. Matarumbeta yanaacha nafasi ya kuitikia, spika haiachi.

Arizona State waligeuza pengo jingine kuwa mchezo. Tangu mwaka 2013 wanafunzi wao wana pazia nyuma ya kikapu, na mgeni anapojiandaa kurusha mitupo huru linafunguliwa ghafla na ndani yake kuna kioja. Mwezi Januari 2016 aliyetokea alikuwa muogeleaji Michael Phelps, akiwa na nguo ya kuogelea na medali shingoni, na mchezaji wa Oregon State akakosa mitupo yote miwili. Vioja hubuniwa na wanafunzi, na watu hubaki ukumbini hata timu ikiwa nyuma kwa pointi ishirini, ili tu waone pazia lina nini.

Mipaka nayo ni ya haki. Januari 2024 Caitlin Clark aligongana na shabiki aliyekimbilia uwanjani kule Ohio State, na mwezi uliofuata Kyle Filipowski wa Duke akaumia goti mashabiki wa Wake Forest walipovamia sakafu. SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, inatoza vyuo vyake faini kwa uvamizi wa namna hiyo, na tangu mwaka 2025 faini ni dola 500,000 hata kwa kosa la kwanza. Mimi naunga mkono faini. Ila nimeona pia kwamba jukwaa lenye viongozi wake linazuia matusi haraka kuliko mlinzi mwenye redio ya mkononi, kwa sababu anayekuambia unyamaze ni yule utakayekaa naye darasani kesho.

Bandiko la 10 (mchangiaji wa Minneapolis)

Hapo umenishawishi (na ni dada). Sasa umeamua kupeleka nini ofisini?

Bandiko la 11 (mwanzisha uzi)

Nimepeleka barua ya ukurasa mmoja. Nimeomba safu nne za chini upande ulio mkabala na mabenchi ya timu, upande ambao kamera inautazama, kwa mechi sita tu za majaribio, na wafadhili wa safu hizo wahamishiwe upande wa pili bila kupoteza haki ya kuegesha magari, maana nimegundua maegesho ndiyo wanayoyapenda kuliko kiti. Nimeomba spika zizimwe katika vituo viwili kati ya vinne vya kila nusu. Nimeomba fulana zitolewe mwisho wa mchezo, si mwanzo. Na nimeomba kanuni za foleni ziandikwe na serikali ya wanafunzi, ofisi ikae mbali nazo hata zikiwa za ajabu.

Jibu la kwanza nililopewa kwa mdomo lilikuwa kwamba nusu ya mechi hizo sita ziko kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari, wakati mabweni yamefungwa na wanafunzi wako makwao. Ni kweli, na kila chuo kina ugonjwa huo. Lakini si wote wanaokwenda makwao. Sisi tusioweza kulipa nauli ya ndege, Wahindi, Wanepali, Wanijeria, Wakenya, Watanzania na Wakongomani, tunabaki katika bweni moja linaloachwa wazi, tunapika pilau kwenye jiko la pamoja na kutazama theluji dirishani. Juzi usiku nilipita mlango kwa mlango na karatasi, nikapata majina arobaini na mawili. Mnijeria mmoja ana ngoma. Mechi ya kwanza ya kipindi hicho ni Jumamosi, na ofisi imekubali tukae safu ya kwanza kwa siku hiyo moja. Nitarudi kuwaeleza.